Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kutathmini Orodha ya Mvinyo ya Mgahawa wa Steki

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudiwa na watu wanaotumwa, au wanaojituma wenyewe, kuketi katika mgahawa wa steki wa hadhi ya juu na kutoa hukumu kuhusu orodha yake ya mvinyo. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kurejelea jingine.

## Mambo ya msingi

1. Orodha nzuri ya mvinyo katika mgahawa wa steki hutambulikaje?

Kwanza iendane na nyama inayopikwa jikoni, kisha iseme ukweli kuhusu kilichomo ghalani, na zaidi ya hayo imtendee haki mgeni wa kipato cha wastani kama inavyomtendea yule asiyetazama bei. Hili la mwisho ndilo husahauliwa, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko mengine. Mgahawa wenye mtaji hauoni taabu kununua chupa ishirini za majina makubwa ya Bordeaux ya Ufaransa na Napa Valley ya California na kuzipanga kwenye ukurasa wa mwisho, kwa kuwa kazi hiyo huhitaji fedha tu. Kinachohitaji maarifa ni kuchagua chupa thelathini au arobaini za bei ya kati ambazo mtu, hata akifumba macho na kuweka kidole popote, atapata mvinyo unaostahili nyama iliyo mbele yake. Hapo katikati ndipo ninapoipimia orodha.

2. Je, orodha ndefu ndiyo bora?

La. Urefu ni sifa pale tu unapotunzwa. Mgahawa wa Bern's Steak House wa Tampa, Florida, ulioanzishwa mwaka 1956, umejulikana kwa miongo mingi kwa ghala lenye maelfu ya majina, na urefu wa orodha yake una sababu: mgeni anaweza kupata miaka mingi ya mavuno ya shamba lilelile, iliyokomaa ndani ya ghala la mgahawa wenyewe. Huo ndio unaoitwa kina cha orodha, nao ni tofauti na wingi.

Wingi usio na kina hujionyesha upesi. Utakuta chupa hamsini za Cabernet Sauvignon, ile zabibu nyekundu maarufu, zote za mwaka mmoja au miwili iliyopita, zote zimetoka kwa wasambazaji walewale wawili, na tofauti kubwa kati yao ni picha ya lebo. Orodha ya chupa themanini iliyochaguliwa na mtu aliyeonja kila moja huishinda hiyo bila jasho.

3. Mstari mmoja wa orodha unapaswa kueleza nini?

Jina la mzalishaji, jina la mvinyo wenyewe ikiwa unalo, eneo ulikotoka, mwaka wa mavuno, bei, na ujazo wa chupa kama si ule wa kawaida wa mililita 750. Aina ya zabibu iandikwe pale ambapo jina la eneo haliisemi kwa msomaji wa kawaida, kwa sababu si kila mgeni anajua kwamba Barolo hutengenezwa kwa Nebbiolo au kwamba Hermitage nyekundu ni Syrah.

Mstari unaosema "Cabernet Sauvignon, California" na bei mbele yake haujasema kitu. California ina mabonde ya joto yanayotoa mvinyo wa bei ya chini kwa wingi mkubwa, na ina pia miteremko ya Howell Mountain ambako zabibu chache zenye maganda manene hutoa mvinyo wa kuwekwa miaka ishirini. Mgeni anaombwa kulipia kimoja kati ya hivyo viwili bila kuambiwa ni kipi.

Makosa ya tahajia nayasamehe yakiwa mawili au matatu, maana majina haya yametoka katika lugha nyingi. Makosa ya maarifa siyasamehi. Niliwahi kukuta Sancerre nyeupe imepangwa chini ya Chardonnay, ilhali hutengenezwa kwa Sauvignon Blanc. Mhudumu alipoulizwa, alijibu kwamba orodha hiyo iliandikwa na kampuni inayowauzia. Hapo nilikwisha kupata jibu la maswali mengine matano ambayo sikuyauliza.

4. Nina dakika tano tu kabla ya mhudumu kurudi. Nianze wapi?

Anza na ukurasa wa mvinyo wa glasi, kisha nenda katikati ya orodha ya mvinyo mwekundu. Ukurasa wa chupa za fahari uache kabisa. Mimi hutumia kipimo kimoja cha haraka. Chukua bei ya steki ya kawaida kwenye menyu, izidishe kwa mbili, kisha hesabu ni chupa ngapi nyekundu zinazouzwa kwa bei hiyo au chini yake, na kati ya hizo ni ngapi ungezichagua kwa hiari yako. Zikiwa kumi na zimetoka nchi nne au tano, kuna mtu makini anayeisimamia orodha. Zikiwa mbili, na zote ni majina yanayopatikana katika kila duka kubwa, mgahawa umekwisha kuamua ni wageni gani unaowajali.

## Mvinyo na nyama

5. Kwa nini steki huandamana na mvinyo mwekundu wenye tanini?

Tanini hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kwa kiasi fulani kwenye mapipa ya mwaloni. Zikiingia kinywani hushikana na protini za mate, na mate yanapopoteza utelezi wake mtu huhisi ukakasi, kama aliyetafuna ndizi mbichi. Nyama huleta protini na mafuta mengi mdomoni, hivyo tanini hupata kitu kingine cha kushikana nacho, na mafuta nayo hurudisha utelezi. Mvinyo uliokuwa mkali ukinywewa peke yake huonekana laini, na nyama iliyokuwa imeanza kukinaisha hupata uhai mpya.

Chumvi ina mchango ambao watu wengi hawautaji: hupunguza uchungu unaohisika katika mvinyo. Steki iliyotiwa chumvi ipasavyo humfanya Cabernet Sauvignon kijana aonekane mtu mzima. Pilipili manga nayo hufanya kinyume, kwa kuwa uwasho wake huchochea joto la kileo, na mvinyo wenye asilimia 15 ya kileo ukikutana na ukoko mzito wa pilipili huacha kinywa kikiwaka. Kwa hiyo mgahawa unaosifika kwa steki ya pilipili, huku orodha yake ikiwa na mivinyo mizito mitupu, haujawahi kuketi na kula chakula chake wenyewe.

6. Orodha imejaa Cabernet Sauvignon. Je, hilo ni kosa?

Si kosa kwa Cabernet kuongoza, kwa kuwa zabibu hiyo ina tanini, uchachu na uzito vinavyoifaa nyama nyekundu, na wageni huiomba kwa jina. Kosa ni kuiacha itawale peke yake. Orodha ya steki iliyokamilika huonyesha kwamba mwandishi wake anajua njia nyingine za kufikia kilekile.

Malbec ya Mendoza, Ajentina, ndiyo njia ya kwanza, na mara nyingi ndiyo yenye thamani zaidi kwa bei. Mashamba ya Valle de Uco yako chini ya Andes, mengi juu ya mita 1,000, ambako usiku wa baridi huhifadhi uchachu wa zabibu zinazoivishwa na jua kali. Orodha ikiwa pia na chupa ya Cahors, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ambako Malbec ililimwa kwa karne nyingi kabla ya kuvuka bahari, naiongezea alama bila kuulizwa. Syrah ya kaskazini ya bonde la Rhône, yaani Cornas, Côte-Rôtie na Hermitage, ina harufu ya pilipili manga na moshi ambayo huipokea nyama iliyoungua kidogo kama ndugu yake, na Shiraz ya Barossa ya Australia huleta tunda zaidi na uzito zaidi.

Kisha kuna Hispania na Italia. Rioja ya daraja la Gran Reserva hukaa angalau miaka 5 kabla ya kuuzwa, angalau 2 kati ya hiyo ikiwa ndani ya pipa, kwa hiyo mgahawa usio na ghala la kukomazia unaweza kuwapa wageni wake mvinyo uliokomaa kwa bei ambayo Bordeaux ya umri huo haiwezi kuikaribia. Huwa nashangaa orodha inayolalamika kwamba mvinyo uliokomaa ni ghali huku ikikosa hata Rioja moja. Barolo na Brunello di Montalcino zina tanini na uchachu wa kutosha kwa kipande chochote chenye mafuta. Afrika Kusini nayo, kwa Cabernet na michanganyo ya Stellenbosch na Syrah ya Swartland, imekuwa mahali ambapo mnunuzi mwerevu hujaza ile sehemu ya kati niliyoitaja katika swali la 1.

7. Je, orodha izingatie vipande mbalimbali vya nyama?

Izingatie, hata kama haitaandika hivyo. Steki ya mbavu, yenye mafuta yaliyotapakaa ndani ya misuli, humudu mvinyo mzito kabisa. Fileti haina mafuta mengi na ladha yake ni ya upole. Napa Cabernet kijana huifunika, wakati Pinot Noir ya Burgundy au Merlot ya Pomerol na Saint-Émilion huiacha ijisemee. Nyama iliyokomazwa kwa kukaushwa wiki nne au zaidi hupata ladha nzito inayokaribia njugu na jibini, na hapo mvinyo wenye umri, ambao tunda lake limeanza kutoa nafasi kwa harufu za ngozi, tumbaku na majani makavu, hufaa kuliko kijana mwenye nguvu. Mgahawa unaotangaza kwa fahari siku ilizokaa nyama yake, huku mvinyo wake wote ukiwa haujafikisha miaka minne, umefanya nusu ya kazi.

8. Mvinyo mweupe na shampeni vina nafasi gani mahali pa kula nyama?

Vina nafasi kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mlo hauanzi na steki. Huanza na chaza, kamba au saladi, na mezani hakukosi mtu aliyeagiza samaki. Natarajia shampeni kadhaa, ikiwemo ya mkulima mdogo anayetengeneza kwa zabibu zake mwenyewe, Chablis au nyeupe nyingine yenye uchachu mkali, na Chardonnay nzito ya wale wanaoipenda. Nusu chupa za mililita 375 nazo huhesabika hapa, kwani huwaruhusu watu wawili kuanza na nyeupe na kumalizia na nyekundu bila kulemewa.

## Bei

9. Chupa inauzwa mara tatu ya bei ya dukani. Je, huo si wizi?

Inategemea "mara tatu" ya nini. Migahawa huhesabu kutoka bei ya jumla waliyolipa wao, na nyongeza ya mara mbili na nusu hadi mara tatu ya bei hiyo ni ya kawaida katika biashara hii. Duka nalo huongeza faida yake, kwa hiyo chupa iliyo mara tatu ya bei ya jumla huwa takribani mara mbili ya bei ya rejareja. Ikiwa mara tatu ya bei ya rejareja yenyewe, mgahawa umevuka mpaka, isipokuwa kama chupa hiyo imekaa miaka kadhaa ghalani mwao na kugharimiwa.

Tazama pia kama kiwango cha nyongeza kinashuka bei inapopanda. Orodha ya haki hufanya hivyo, kwa kuwa kazi ya kufungua chupa ya bei kubwa hailingani na kuzidisha gharama yake mara tatu. Linganisha chupa nne tu na bei zake za rejareja: moja ya bei ya chini, mbili za katikati, moja ya juu. Inatosha kukuonyesha tabia ya mwenye orodha.

10. Ni kweli kwamba chupa ya pili kwa unafuu ndiyo mtego?

Dhana hiyo ni ya zamani: mgeni huona haya kuagiza chupa ya bei ya chini kabisa, huchukua inayofuata, na mgahawa, ukilijua hilo, huficha faida kubwa hapo. Wachumi David de Meza na Vikram Pathania walichunguza orodha za migahawa ya London na kukuta kwamba sivyo. Nyongeza ya asilimia ilikuwa ndogo kwenye ncha zote mbili na kubwa zaidi katikati mwa orodha.

Matokeo hayo yananiunga mkono na kunionya kwa pamoja. Katikati ndiko wageni wengi huchagua, na ndiko mgahawa hupata nafasi ya kuwakamua, kwa hiyo kipimo cha bei cha swali la 9 kielekezwe huko kuliko kwingine.

11. Mvinyo wa glasi upimwe vipi?

Chupa moja hutoa glasi tano za mililita 150. Ni desturi iliyoenea kwamba glasi ya kwanza hulipa karibu gharama yote ya chupa, kwa kuwa chupa iliyofunguliwa inaweza kuharibika kabla ya kwisha. Hesabu hiyo inaeleweka. Kisichoeleweka ni glasi ya bei hiyo iliyomiminwa kutoka chupa ya juzi. Mvinyo mwekundu uliokaa wazi hupoteza harufu ya tunda na kuanza kunuka kama tufaha lililokatwa likaachwa. Uliza chupa ilifunguliwa lini. Mahali makini hulijibu swali hilo bila kununa.

Tangu mwaka 2013 kuna kifaa cha Coravin, ambacho hupenyeza sindano nyembamba kwenye kizibo, huingiza gesi ya agoni na kutoa mvinyo bila kuizibua chupa. Kwa kifaa hicho mgahawa unaweza kuuza glasi ya Barolo iliyokomaa kwa mtu anayekula peke yake. Nikiona nyekundu sita za glasi zinazotofautiana kweli kwa uzito na asili, nyeupe nne, na kitu kimoja cha umri mkubwa, naridhika.

12. Je, ada ya kufungua chupa iliyoletwa na mgeni ihesabiwe katika tathmini?

Itaje, ila usiipe uzito mkubwa. Ada ya wastani, ikiambatana na sharti kwamba chupa hiyo isiwe kwenye orodha ya mgahawa, ni ya haki kwa pande zote mbili.

## Ghala, miaka na huduma

13. Mwaka wa mavuno una uzito gani?

Una uzito mkubwa kwa maeneo ambayo hali ya hewa hubadilika sana, na mdogo kwa maeneo ya jua la kudumu. Bordeaux ya 2010 au 2016 ina muundo wa kudumu miongo. Ya 2013 ilitoka katika mwaka wa baridi na mvua, na mvinyo wake mwingi ni mwepesi. Hilo halimaanishi kwamba mgahawa unaouza 2013 umekosea. Mvinyo mwepesi hukomaa mapema, na ukiuzwa kwa bei inayolingana na sifa yake unaweza kuwa ununuzi mzuri. Kosa ni kuuza miaka yote kwa bei moja, kana kwamba jina la shamba ndilo linalonyweka.

Kwa Napa Valley, mwaka wa kuulizia ni 2020. Moto wa nyika wa Agosti na Septemba ulijaza moshi mabondeni kabla zabibu nyingi nyekundu hazijavunwa, na wazalishaji kadhaa waliamua kutotoa kabisa mvinyo mwekundu wa mwaka huo. Wengine waliwahi kuvuna, au mashamba yao yalinusurika, na mvinyo wao ni safi. Ukiona 2020 nyingi kwenye orodha, muulize msimamizi alizichagua vipi. Akisema alionja kila moja na kueleza alichokikuta, umepata mtu. Akishangaa swali, umepata jibu.

14. Nitajuaje kama chupa zimehifadhiwa vizuri bila kuingia ghalani?

Mvinyo huhifadhiwa vyema kwenye nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi, gizani, mahali pasipo mtikisiko. Anza na kuta. Chupa zilizopangwa kama mapambo karibu na jiko la makaa au chini ya taa kali huwa ni zilezile zitakazofika mezani. Kisha itazame chupa uliyoletewa. Kizibo kilichosukumwa juu kidogo ya mdomo wa chupa, au michirizi ya mvinyo iliyokauka chini ya kifuniko cha juu, ni dalili ya mvinyo uliopanuka ndani kwa joto.

Joto la kuhudumia ni jambo jingine. Nyekundu inapaswa kufika kwenye nyuzi 16 hadi 18. Ile kauli kwamba mvinyo mwekundu unywewe "kwa joto la chumba" ilizaliwa wakati vyumba vyenyewe vilikuwa vya baridi. Mvinyo uliokaa kwenye nyuzi 25 huonyesha kileo na kuficha mengine yote. Ukiletewa hivyo, omba ndoo ya barafu kwa dakika kumi, na angalia mhudumu analipokeaje ombi hilo.

15. Je, somelie, yaani mtaalamu wa mvinyo wa mgahawa, apimwe kama sehemu ya orodha?

Ndiyo, kwa sababu orodha ndefu isiyo na mtu wa kuifafanua ni kama daftari la simu. Mpe bei kwa kuonyesha mstari kwa kidole, bila kuitamka mbele ya wageni wako, kisha mwambie nyama uliyoagiza na unachopenda. Somelie mzuri huuliza swali moja au mawili, hutaja chupa mbili au tatu, na angalau moja huwa chini ya bei uliyoonyesha. Anayepanda mara moja juu ya bei yako, au anayekurudisha kila mara kwenye chupa ileile unayoona mezani kwa kila jirani, ana mzigo wa kuuza. Kibaya chajitembeza.

16. Anapomimina kidogo nionje, natafuta nini hasa, na ni lini nina haki ya kukataa?

Unatafuta kasoro tu. Suala la kupenda au kutopenda lilikwisha ulipochagua. Kasoro inayojulikana zaidi hutokana na kemikali iitwayo trikloroanisoli, ambayo huingia kwenye mvinyo hasa kupitia kizibo cha gamba. Hunuka kama katoni iliyoloa au kitambaa kilichosahauliwa kwenye maji, na nanogramu chache kwa lita zinatosha kuua harufu ya tunda. Ya pili ni mvinyo uliopigwa na hewa, wenye rangi ya kahawia kabla ya wakati wake. Ya tatu ni harufu ya zizi la farasi, inayoletwa na chachu ya Brettanomyces. Hiyo ina utata, kwani wapo wanaoipenda ikiwa kidogo.

Mashapo si kasoro. Mvinyo mwekundu wa umri huyaacha chini ya chupa, na ndiyo sababu humiminwa taratibu kwenye dikanta, yaani chombo cha kioo cha kumiminia mvinyo, mwanga ukiwa nyuma ya shingo ya chupa. Mvinyo kijana huwekwa kwenye dikanta kwa sababu tofauti kabisa, yaani kupata hewa, na unaweza kumiminwa kwa nguvu.

Katika tathmini, chupa yenye kizibo kibovu isihesabiwe kama kosa la mgahawa. Kinachohesabiwa ni sekunde thelathini zinazofuata baada ya wewe kusema.

## Hali zenye utata

17. Ukutani kuna cheti cha tuzo. Kinathibitisha nini?

Tuzo zinazoonekana zaidi ni za jarida la Wine Spectator, lililoanza kuzitoa mwaka 1981. Zina madaraja matatu: la kwanza kwa orodha zenye takribani chupa 90 au zaidi, la pili kwa zile za 350 au zaidi, na la juu kabisa kwa zile za 1,000 au zaidi. Daraja la juu ni gumu kulipata na lina heshima yake. La kwanza linathibitisha machache zaidi. Mwaka 2008 mwandishi Robin Goldstein alituma orodha ya mgahawa wa Milan ambao haukuwahi kuwepo, akalipa ada, akapata tuzo, ingawa sehemu ya chupa za fahari kwenye orodha hiyo ya kubuni ilikuwa imejaa mivinyo ambayo jarida lenyewe liliipa alama duni. Cheti basi kichukuliwe kama ushahidi kwamba mgahawa uliwahi kuwasilisha orodha yenye mpangilio. Mengine hakisemi.

18. Orodha inasema 2016, chupa iliyofunguliwa ni ya 2018. Nifanye nini?

Ikiwa mhudumu alikutajia badiliko hilo kabla ya kufungua, hakuna tatizo. Ikiwa alinyamaza, chupa hiyo si uliyoagiza, na una haki ya kuikataa hata kama ni nzuri. Ndiyo maana msomaji makini huitazama lebo chupa inapoonyeshwa, kabla ya kizibuo kuguswa. Katika tathmini, tukio moja ni uzembe. Matukio mawili usiku mmoja yanamaanisha kwamba mwaka ulioandikwa kwenye orodha nzima hauaminiki, na swali la 13 halina tena msingi.

19. Vipi kuhusu chupa za kale zenye bei za kutisha?

Zitathmini kwa historia yake, yaani mgahawa ulizipata wapi na lini. Chupa iliyonunuliwa changa kutoka kwa mwagizaji na kukaa miaka 25 katika ghala moja ina nasaba. Iliyonunuliwa mnadani inahitaji maswali. Mwaka 2008 chupa za Clos Saint-Denis, shamba la Burgundy nchini Ufaransa, zenye jina la nyumba ya Ponsot na miaka ya kati ya 1945 na 1971 ziliingizwa kwenye mnada wa New York, ilhali nyumba hiyo ilianza kutengeneza mvinyo wa shamba hilo katika miaka ya 1980. Mtu aliyezipeleka, Rudy Kurniawan, alitiwa hatiani mwaka 2013 kwa ulaghai, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Mgahawa mwaminifu hauchukizwi ukiuliza asili ya chupa, na mara nyingi msimamizi hufurahi kusimulia.

20. Nusu ya chupa nilizoomba "zimekwisha". Je, niihukumu orodha iliyoandikwa au iliyopo?

Iliyopo. Chupa moja iliyokwisha ni ajali ya Jumamosi usiku. Ya tatu mfululizo ni orodha ya maonyesho, na hakuna sababu ya kuipa alama kwa vitu ambavyo mgeni hawezi kuvinywa. Angalia hasa kama zilizokwisha ni za bei ya chini na ya kati, huku za juu zikiwepo zote. Nimewahi kuombwa radhi mara tatu kwenye meza moja, na kila mara mbadala uliopendekezwa ulikuwa ghali kuliko chupa niliyoitaja.

21. Ziara moja inatosha kutoa hukumu?

Kwa orodha yenyewe, inatosha ukiisoma mapema na kulinganisha bei. Kwa huduma na hali ya chupa, nenda mara mbili: siku yenye watu wengi, na siku ya katikati ya wiki ambapo msimamizi mkuu huenda hayupo. Ziara ya pili agiza mvinyo wa glasi pekee, usijitambulishe, na umwachie mhudumu wa kawaida akuchagulie.